Kreti ya Sitini na Moja

Chai yake huwa haimaliziki. Mumewe, ambaye ni mshonaji na kwa hiyo ni mtu wa kukaa, amezoea kukuta kikombe kimoja dirishani, kingine juu ya cherehani, cha tatu kwenye ngazi ya mlango, vyote nusu, vyote vimepoa, na kwa kuvitazama tu huweza kukisia mkewe ameelekea upande gani. Watu humwita Kiguu. Jina kamili ni Kiguu na Njia, lakini mwenyewe hasimami kiasi cha kulisikia lote, kwa hiyo likakatwa.

Bango la bati lililopigiliwa kwenye banda la kikundi linamtaja kama Msimamizi wa Mazao na Usafirishaji. Wakulima arobaini na mmoja wa nyanya walimchagua wenyewe, kwa kunyoosha mikono, katika mkutano ambao yeye alifika mwishoni kwa sababu alikuwa amekwenda kuangalia daraja.

Zamani alikuwa anakaa. Kwa miaka kumi na tisa alikaa juu ya kigoda sokoni, nyuma ya mafungu ya nyanya, na kazi yake ya kwanza kila asubuhi haikuwa kuuza bali kutupa. Alikuwa akifungua tenga, lile sanduku kubwa la miti na kamba linalobebwa na watu wawili wanaotukanana, anaondoa majani ya juu, anapokea harufu usoni, kisha anaanza kutenganisha: hizi za kuuza, hizi za kupikia leoleo, hizi za kuku wa jirani, hizi za Mungu. Katika kila matenga matatu, moja lilikuwa la Mungu. Wenzake walilichukulia jambo hilo kama mvua, kwamba halina mwenyewe. Dalali alisema ni barabara. Madereva walisema ni wakulima. Wakulima hakuna aliyewahi kuwauliza.

Siku moja, akiwa na miaka arobaini na miwili na mapacha wake wameshatoka nyumbani, alimwomba muuza vitunguu amtazamie meza kwa dakika mbili, akapanda lori tupu lililokuwa linarudi mashambani. Alirejea baada ya siku nne. Katika siku hizo aliona nyanya ikichumwa saa saba mchana, ya moto kama yai lililoepuliwa sasa hivi. Aliiona ikimwagwa juani ingojee tenga. Aliona tenga likingojea lori, lori likimngojea dalali, dalali akingojea simu, na mwisho aliona wapakiaji wawili wamelala fofofo juu ya mzigo, mmoja wao na viatu. Muuza vitunguu anaitazama ile meza hadi leo.

Sasa ulikuwa mwaka wa sita tangu safari ile. Katika miaka hiyo Kiguu alikuwa amewashawishi wakulima wachume alfajiri, umande haujakauka, na wachume nyanya inapoanza tu kupiga wekundu, si ile iliyokwisha kuiva ambayo haifiki popote ila kwenye mchuzi. Alikuwa amewajengesha banda lenye kivuli ambamo mzigo hupumzika hadi joto la shamba liishe. Mwaka jana alikuwa amefukuzana na ofisi tatu hadi kikundi kikapata kreti za plastiki, za kijani, zenye matundu, zinazosimama moja juu ya nyingine kwa miguu yake yenyewe. Kila hatua ilipingwa, ikakubaliwa, kisha ikadaiwa na kila mtu kuwa lilikuwa wazo lake.

Mtu aliyepinga kwa adabu kuliko wote alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, anayeitwa Mzee Kilemba. Jina hili linataka maelezo. Tenga likishajaa hadi ukingoni, mpangaji wa nyanya wa kawaida hulifunga. Fundi ndipo huanza. Juu ya ukingo hujenga kilima cha nyanya, safu kwa safu, kikapanda shubiri nzima, kisha hukifunika kwa majani na kukibana kwa kamba kisiporomoke. Hicho ndicho kilemba. Ni nyongeza ya mnunuzi. Haiombwi, haipimwi, na mzigo usio nayo husemwa umetoka kwa bahili. Kwa miaka thelathini vilemba vya mzee huyu vilitambulika sokoni kabla lori halijasimama, na Kiguu mwenyewe, enzi za kigoda, aliwahi kusukumana na wanawake wenzake kulifikia tenga lake kabla hajajua kwamba ataolewa kwao. Au ndivyo mzee anavyosimulia. Kwa hesabu za miaka haiwezekani, lakini hakuna aliyetaka kumharibia.

Kreti zilipokuja alizizunguka mara mbili, mikono nyuma. "Hizi ni za soda," akasema. Kisha akajifunza kuzipanga kuliko mtu yeyote. Wapangaji wengine kumi na mmoja humtazama yeye. Akikohoa, wanasimama. Akiinama, wanainama.

"Wewe shemeji hujakaa tangu tukuoe," humwambia Kiguu kila anapopita, na Kiguu hupita mara nyingi. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Na chema kikikaa sana, shemeji, kinaoza. Niliuza miaka kumi na tisa, nakijua."

"Haya. Pita. Upepo wako unatukaushia mzigo."

*

Mnunuzi aliyekuwa akimtoa Kiguu roho alikuwa duka kubwa mjini, mwendo wa saa nne kwa lori, duka lenye chumba cha baridi chenye mlango mnene kama godoro. Duka lilikubali kuwajaribu kwa Jumatatu tatu, kreti sitini kila Jumatatu. Sharti lilikuwa moja na fupi: mpokeaji anatoa nyanya mia kutoka popote apendapo, na kati ya hizo mia zilizochubuka zisizidi tano. Jumatatu ya tatu ndiyo ya kuhukumu. Wakipita, wana mnunuzi wa mwaka mzima. Wakishindwa, chumba cha baridi kinapewa kikundi kingine, wakulima wanarudi kwa dalali na simu yake, na Kiguu anarudi kwenye kigoda. Hili la mwisho hakuna aliyelisema. Lilimjia lenyewe kila alipokaribia kukaa.

Mpokeaji wa duka alikuwa msichana mpole mwenye koti jeupe na buti za mpira, kipimajoto kinaning'inia shingoni kama hirizi. Jumatatu ya kwanza alizipanga nyanya zake mia juu ya meza ya bati, akazigeuza mojamoja, akaziweka kando zile mbaya.

"Kumi na moja, mama."

"Hesabu tena."

"Nimehesabu mara mbili, mama. Mara ya kwanza zilikuwa kumi na mbili, nikakuonea huruma."

Kiguu hakubishana. Aligeuka kumtafuta dereva.

Dereva ni mtu mnene, mpole, mwenye taulo shingoni, ambaye amelaumiwa kwa mambo mengi maishani hata haulizi tena ni lipi.

"Unakimbia," Kiguu alimwambia.

"Mama, lori hili haliwezi kukimbia hata likifukuzwa na simba."

"Basi unaruka mashimo."

"Mashimo ndiyo yanayoniruka mimi."

Wiki ile nzima ilikuwa ya lori. Kiguu alitembea kwa miguu kipande kibovu cha barabara akiyapa mashimo alama za chokaa. Aliagiza matairi yapunguzwe upepo. Alimshonesha mumewe pazia kubwa la kitambaa cheupe, la kulowekwa maji na kutandazwa juu ya mzigo badala ya turubai jeusi, na mumewe alishona siku mbili bila kuuliza kitu, isipokuwa mara moja alipotaka kujua kama lori litahitaji pia mifuko. Jumapili jioni Kiguu aliweka bakuli la maji juu ya dashibodi ya lori na kumtangazia dereva kwamba maji yakimwagika ana kesi. Jumatatu alisafiri naye akilitazama bakuli, dereva naye akilitazama bakuli, na ni rehema tu kwamba barabara haikuwa na watu.

Nyanya tisa.

"Tumepunguza mbili," dereva alisema, wamesimama kwenye uwanja wa kushushia mizigo. "Kwa mwendo huu Jumatatu ya tatu tunakuta saba. Ya nne tano. Tungekuwa tumepita."

"Hakuna Jumatatu ya nne."

"Ndiyo maana nikasema tungekuwa."

Kiguu aliomba apewe zile tisa. Msichana wa koti jeupe alisita, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuomba aibu yake afungiwe kwenye mfuko, lakini akampa.

Njiani alizitoa, akaziweka mapajani. Michubuko aliijua kama mwalimu anavyojua miandiko. Nyanya iliyodondoka huwa na ufa wa upande mmoja. Ya jua huwa na baka jeupe, gumu. Ya kubanwa na wenzake huwa bapa mbavuni. Hizi tisa hazikuwa na lolote kati ya hayo. Kila moja ilikuwa na vimraba vidogo vilivyobonyea, vimejipanga sawasawa, kama karatasi ya daftari la hisabati.

"Simamisha lori," akasema.

"Hapa kuna kona, mama."

"Basi simamisha baada ya kona."

Alipanda nyuma, akachukua kreti tupu, akaipindua. Chini yake ilikuwa na vimraba. Alichukua nyanya moja, akaipachika. Ilikaa kama ufunguo kwenye kufuli yake.

Jambo hilo lilimtia wasiwasi zaidi, maana halikuwezekana. Kreti husimama kwa miguu yake juu ya ukingo wa mwenziwe, haigusi mzigo, ili mradi nyanya ziishie vidole viwili chini ya ukingo. Na vidole viwili hivyo alivipima yeye, kwa vidole vyake, kreti zote sitini, wiki zote mbili.

*

Jumatano hupangwa mzigo wa sokoni, kwa kreti zilezile na watu walewale. Kiguu alifika bandani akiwa na mpango ambao hajawahi kuujaribu katika maisha yake: kusimama. Alijibanza nyuma ya rundo la matenga ya zamani, akashika nguzo kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye mashua.

Alichokiona kilitokea polepole na bila siri yoyote. Mpangaji alijaza kreti, ikapimwa vidole viwili, ikapelekwa kwenye safu ya kusubiri lori. Hapo ndipo Mzee Kilemba alipopita, bila haraka, na kapu mkononi. Kila kreti aliipa nyanya saba au nane. Alizipanga vizuri, makalio chini, akazipapasa, akaenda nyingine. Hazikufika kuwa kilemba cha zamani. Ni kijikofia tu. Wapangaji wengine walipoona mzee anaongeza, nao wakaongeza za kwao. Kisha wapakiaji wakaja, wakaweka kreti juu ya kreti, na pale ya juu ilipokataa kukaa, waliigonga kidogo kwa ngumi, kirafiki, ikakaa.

Kazi ile haikuchukua zaidi ya robo saa. Kwa mwaka mzima ilikuwa ikifanyika mchana kweupe, na Kiguu hakuwahi kuiona kwa sababu hajawahi kukaa mahali pamoja robo saa.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani.

"Mwambie kaka yako," alimwambia mumewe.

Mshonaji aliondoa mguu kwenye kanyagio. "Nimwambie nini?"

"Aache kilemba."

Mumewe alizitoa pini mdomoni mojamoja. "Yule ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu," alisema hatimaye. "Wewe mwambie. Wewe una utani naye. Mimi nina heshima tu, na heshima haisemi."

"Utani siyo wa mambo kama haya."

"Basi wa nini?"

Swali hilo lilimrudisha Kiguu njiani. Alikwenda bandani, akalipita, akafika kisimani, akarudi, akalipita tena. Mara ya tatu Mzee Kilemba, aliyekuwa amekaa mlangoni na kikombe chake, alimwita.

"Shemeji, unatafuta ng'ombe?"

"Natafuta mwizi."

"Mwizi wa nini?"

"Wa nyanya. Haibi, anaongeza."

Mzee alicheka. Aliupenda utani huo kiasi cha kuurudia kwa sauti ili wapangaji wausikie, nao wakacheka, na Kiguu akatambua kwamba amesema na hajasikika. Akafungua mfuko. Akazipanga zile nyanya tisa chini, mbele ya miguu ya mzee, moja baada ya nyingine.

Mzee aliweka kikombe. Aliokota moja, akaigeuza. Mikono ile haikuhitaji miwani.

"Hii imekaliwa," akasema.

"Na nini?"

"Na kreti."

"Kreti ina miguu, shemeji. Kwa nini ikae juu ya nyanya?"

Wapangaji walikuwa wameacha kucheka. Mzee aliokota ya pili, ya tatu, ingawa hapakuwa na lolote jipya la kuona humo.

"Mnunuzi ataona kreti haijajaa," akasema.

"Ndivyo anavyoitaka."

"Hakuna mnunuzi anayetaka hivyo. Amekosa tu wa kumpa." Sauti yake haikupanda. "Mkono mtupu haulambwi. Mimi siwezi kumpelekea mtu chombo chenye hewa juu, jina la kikundi limeandikwa ubavuni. Miaka thelathini, shemeji."

"Kwenye tenga ulikuwa sahihi. Tenga lina majani, lina kamba, linalegea. Hili halilegei."

"Kwa hiyo nimekuwa nikiharibu."

Kiguu alikuwa na majibu mengi ya upole, na katika miaka sita ya kuwauliza watu ni nani aliyegusa nini, alikuwa amepewa ya namna hiyo yote. "Tangu kreti zije," akasema, "ndiyo."

Mzee alisimama, akajikung'uta suruali, akaondoka. Hakuwa na hasira; hasira ingekuwa na dawa. Wapangaji kumi na mmoja walimtazama akienda, kisha wakamtazama Kiguu, kisha, kwa kukosa wa kumwiga, wakaacha kazi.

*

Alhamisi hakuja. Ijumaa hakuja. Kiguu alijaribu kuwaelekeza wapangaji mwenyewe, wakamsikiliza kwa adabu, wakajaza kreti kama watu wanaojaza shimo. Bila yule mzee hakuna aliyejua nyanya ielekee wapi, na kreti moja ilipotikiswa ilitoa sauti ya kokoto. Jumamosi alipita mbele ya nyumba ya shemeji yake mara tano akiwa na shughuli upande huo. Mara ya tano mke wa mzee alitoka na ufagio.

"Mdogo wangu, ingia au pita. Unanichoshea uwanja."

"Yuko?"

"Yuko ndani. Anapanga viazi."

"Anapanga viazi?"

"Tangu Jumatano. Viazi, vitunguu, sabuni. Jana nimekuta vikombe vyangu vyote vimepangwa. Lakini vinaishia vidole viwili chini ya ukingo wa kabati, nikasema labda kuna jambo."

Kiguu alipita.

Jumapili, alipofika bandani asubuhi, mzee alikuwa hapo. Alikuwa amekunja mikono ya shati. Hakumsalimia zaidi ya inavyotakiwa kati ya shemeji na shemeji, yaani kwa kumwambia amechelewa, ingawa jua lilikuwa halijachomoza sawasawa. Mzigo ulipumzishwa kivulini, na alasiri akaanza kupanga. Akiinama, wakainama. Kreti baada ya kreti ziliishia vidole viwili, na mzee alipozipita na kapu lake mkono wake ulisita juu ya kila moja, ukarudi. Kuona vile kulimuuma Kiguu kuliko alivyotarajia, akaenda kuangalia matairi.

Aliporudi, pembeni ya zile sitini ilikuwepo nyingine. Ilikuwa imepangwa kama zulia. Kila nyanya ililingana na jirani yake, makalio chini, rangi zikitoka kwenye kijani kwenda kwenye wekundu kutoka kona hadi kona.

"Hii ni ya nini, shemeji?"

"Hicho ni kilemba," mzee akasema. "Cha kreti zote sitini. Nimekiweka peke yake. Ikae juu kabisa, kitu chochote kisikae juu yake, na wakabidhi kwa mkono. Waambie imetoka kwetu."

*

Jumatatu ya tatu lori liliondoka saa kumi na moja alfajiri. Bakuli halikuwemo. Kiguu alishuka kuzishika kreti mara nne njiani, na mara ya nne dereva hakungoja kuambiwa, alisimama mwenyewe.

Msichana wa koti jeupe alitoa nyanya zake mia. Kiguu alizunguka meza ya bati hadi akaombwa asizunguke, ndipo akazunguka lori.

"Nne, mama."

"Hukunionea huruma?"

"Mara hii haikuhitajika." Msichana aligonga muhuri. "Sasa itakuwa Jumatatu na Alhamisi, kreti themanini. Mnaweza?"

"Tunaweza," Kiguu alisema, huku moyoni akianza kuhesabu mashamba, siku, mikono, na mvua ya mwezi ujao. Alikuwa ametarajia furaha. Labda ilikuwa njiani.

"Ila hii ya sitini na moja siwezi kuipokea."

"Hiyo ni nyongeza. Zawadi. Imetoka kwetu."

"Naelewa, mama. Lakini haimo kwenye karatasi. Nikiiingiza, jioni hesabu itazidi, na ikizidi naulizwa kama ikipungua." Aliitazama ile kreti, na uso wake ukawa wa mtu mwenye mama nyumbani. "Nzuri sana. Nani kazipanga hivi?"

Alipojibiwa alitikisa kichwa, akafunga mlango mnene, na ile kreti ikabaki nje.

Walikuwa wameshatoka mjini dereva alipokohoa.

"Mama, nina wazo."

"Baki nalo."

"Tuzigawe pale njiapanda. Watu wanakula, mzee anapewa shukrani, wewe unalala."

"Shukrani za nani?"

"Za duka. Unamwambia walifurahi mno, wakaipokea kwa mikono miwili. Huo siyo uongo, mama. Huo ni ukweli wenye kilemba."

Njiapanda ilikuwa mbele yao, na watu walikuwepo. Kiguu alijua zawadi iliyorudishwa inavyopokelewa. Ingekuwa afadhali arudi na habari ya kushindwa, kwani kushindwa ni kwa wote, lakini kreti hii ilikuwa na mwenyewe mmoja. Na kama mzee angekunjua mikono ya shati na kurudi kupanga viazi, hizo themanini za Alhamisi nani angezipanga? Upande wa pili kulikuwa na miaka sita ya kuwauliza watu wa njia hii nini kilitokea, na kila mmoja wao, kwa wema kabisa, akimjibu kama alivyoshauri dereva.

"Niwashe taa za kusimama?" dereva aliuliza.

"Endesha."

"Mama..."

"Endesha. Na usinitazame, tazama barabara."

Walifika saa nane mchana. Wapangaji walikuwepo, wakulima kadhaa walikuwepo, mumewe alikuwepo, amekuja na kazi yake ya mkono. Mzee Kilemba alikuwa amekaa juu ya tenga lililopinduliwa. Kiguu aliwatangazia kutoka kwenye ngazi ya lori: nne kati ya mia, Jumatatu na Alhamisi, kreti themanini. Watu walipiga makofi, wakaanza kubishana ni nani aliyependekeza kreti za plastiki. Kisha dereva akashusha ile ya sitini na moja, akaiweka chini taratibu sana, na makofi yakaisha.

"Zimerudi," mzee akasema.

"Zimerudi."

"Mbaya?"

"Hazikupimwa. Hazimo kwenye karatasi."

"Zawadi nayo inaandikwa kwenye karatasi?"

"Kule, isipoandikwa, haipo."

Mzee alishuka kwenye tenga, akapiga magoti mbele ya kreti. Alitandika gunia, akaanza kuzitoa mojamoja. Kila moja aliibonyeza kwa kidole gumba, akaigeuza, akainusa, akailaza kwenye gunia. Ilichukua muda mrefu kuliko ule wa msichana wa koti jeupe, na Kiguu alisimama pale akihama mguu huu na mguu ule, akitamani kwenda kuangalia chochote.

Mzee alifika ya mwisho. Aliishika muda.

"Kwenda na kurudi," akasema. "Saa nane barabarani. Haina hata alama."

"Hakuna kitu kilichoikalia," Kiguu akasema.

"Nimesikia, shemeji. Ulisema Jumatano." Aliinyanyua nyanya juani aitazame tena. "Miaka thelathini nimepeleka mzigo, sijawahi kuuona ulivyofika. Nilikuwa naufunga, unaondoka, basi. Nilidhani unafika kama ulivyoondoka." Kisha akauliza, "Alhamisi lori linatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Nitakwenda nalo."

Dereva alikohoa. "Mbele ni viti viwili, mzee. Cha tatu kimewekwa betri. Mimi na mama tumejaa."

Mzee Kilemba aligeuka. Alimtazama Kiguu, na mshonaji akaacha sindano hewani, na wakulima nao wakageuka, kwa maana wote walielewa kwamba Kiguu ameombwa jambo ambalo hajawahi kuombwa: abaki.

"Nenda," Kiguu akasema.

Alhamisi alfajiri lori liliondoka na kreti themanini na Mzee Kilemba, amevaa koti, mikono juu ya magoti, akitazama mbele. Kiguu alibaki bandani. Kabla ya saa mbili alikuwa ameshafagia mara tatu. Saa tatu alihesabu kreti tupu, akazipata zilezile. Saa nne, ambapo msichana wa koti jeupe alikuwa labda ndiyo kwanza anatandaza nyanya zake mia, mumewe alitoka na cherehani kukaa kibarazani, akamwona mkewe anakwenda zake barabarani kwa mwendo wa kasi, kulipokea lori ambalo lisingeweza kurudi kabla ya saa nane.